Namba Tatu za Jikoni

Mwalimu Wilhelmina alipostaafu kufundisha hesabu alijiwekea mipango midogo tu: kufuga kuku wa mayai, kuimba kwaya ya kanisani, na kukaa kimya. Nyumba yake ya Pasiansi, jijini Mwanza, ilikuwa na vyumba vitatu na baraza linalotazama ziwa, na kwa muda wote alioishi humo peke yake hakuwahi kutamani mtu wa pili. Mambo yalipokuja kuharibika, akawa anakoroga uji wa watu watatu huku mwanamume mzima akinyoa ndevu barazani kwake, alijiuliza mara nyingi ni nani aliyemtuma kumfundisha Mzee Otuoma kujumlisha.

Mzee Otuoma alikuwa jirani yake, mvuvi aliyehamia Mwanza kutoka Shirati angali kijana, akaoa wake wawili na kuwazika wote wawili. Mke wa kwanza, Mluo mwenzake, alimwachia binti aitwaye Adongo, ambaye sasa alikuwa mama mtu mzima mwenye mtumbwi wake, wavuvi wake na matanuri ya kukaushia samaki. Mke wa pili, Msukuma, alimwachia Machibya, kijana mrefu mwenye mtumbwi wake naye. Dada na kaka hawa walikuwa hawasemezani. Ugomvi waliurithi kwa mama zao, na kwa kuwa kila aliyejua chanzo chake alikwisha kufa, hapakuwa na mtu wa kuumaliza.

Heshima ya mzee pale mwaloni, ufuoni wavuvi wanapoegesha mitumbwi, ilitokana na mahali palipoitwa Jikoni. Jina alilitoa yeye mwenyewe. Asubuhi akisukuma mtumbwi majini angesema, "Naenda jikoni mara moja," na akirudi ana sangara wa kubebwa na watu wawili, hata siku ambazo wenzake wamerudi na nyavu zilizojaa magugu maji. Palikuwa mahali fulani katikati ya ziwa, hakuna kisiwa karibu wala jiwe la kukuonyesha. Alipafikia kwa jipiesi, kile kimashine kidogo cha mkononi kinachomwambia mvuvi alipo kwa namba mbili: ya kwanza inasema uko kusini kiasi gani, ya pili uko mashariki kiasi gani. Ukiwa nazo zote mbili utafika hata ukungu ukiwa mzito.

Mzee alipoanza kuugua, alijikongoja mpaka kwa mwalimu, akamkuta barazani anachambua maharage.

"Mwalimu, nina neno linanisumbua," alisema. "Nikimwambia Adongo ilipo Jikoni, Machibya atasema nimeubagua upande wa mama yake. Nikimwambia Machibya, Adongo hatakuja kunizika. Nikiwaambia wote, kila mmoja atakwenda kwa wakati wake kukata nyavu za mwenzake."

"Namba si ziko mbili? Mpe kila mmoja ya kwake. Hakuna atakayefika bila mwenzake."

"Hilo nimeliwaza. Sasa mmoja akisusa? Wewe unawajua hao. Mmoja ataingia nayo kaburini mradi tu mwenzake asile."

Hapo ndipo ualimu ulipomponza Wilhelmina. Angeweza kumpa pole na kikombe cha chai. Badala yake alisafisha nafasi kwenye ungo, akatenga maharage saba upande mmoja na matano upande wa pili.

"Tuseme namba ya kwanza ni saba, ya pili ni tano. Tafuta mtu wa tatu, umpe jumla. Kumi na mbili. Huyo peke yake hajui kitu, maana kumi na mbili inaweza kuwa nane na nne, inaweza kuwa sita na sita. Lakini akikaa na mwenye saba, watatoa saba kwenye kumi na mbili, watapata tano. Akikaa na mwenye tano, watapata saba. Wawili wowote wakikubaliana, wamefika. Anayesusa anabaki na kususa kwake."

Mzee aliyatazama yale maharage muda mrefu, kama mtu anayetazama dawa.

"Basi wa tatu ni wewe," alisema. "Huna mtumbwi, na sangara huli."

Ni kweli sangara walikuwa wakimletea kiungulia. Wilhelmina alijaribu kukataa, lakini mgonjwa alimshika mkono akamwapisha kwamba hatakubali hata mtoto mmoja aachwe nje. Siku chache baadaye mzee aliwaita wote watatu kitandani kwake. Kila mmoja alinong'onezewa namba yake wakati wenzake wamesimama nje kwenye bomba la maji. Kisha akawaeleza mpango mzima, akakataza mtu kuandika chochote, na akasema ile jipiesi ameshaitupa ziwani, wasijisumbue kuitafuta. Haukupita mwezi akafariki, akazikwa vizuri, watoto wake wakilia kila mmoja upande wake wa kaburi.

Matanga yalipoisha tu, Adongo alifika kwa mwalimu na samaki wa kukausha waliofungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alizungumzia hali ya hewa, akazungumzia bei ya kuni, kisha akasogeza kigoda. "Mwalimu, mimi nawaza. Wewe unayo jumla, mimi ninayo yangu. Sisi ni wanawake, tunaelewana."

Kabla Wilhelmina hajajibu, kivuli kirefu kiliangukia mlangoni. Machibya alikuwa amesimama hapo ameshika mkungu wa ndizi, anahema kama mtu aliyekimbia kutoka mwaloni, na kweli alikuwa amekimbia.

"Shikamoo, mama mwalimu. Nilikuwa napita."

Akaketi. Adongo akakirudisha kigoda chake nyuma. Walikaa hivyo hadi jua likazama, watu watatu, samaki na ndizi, bila neno la maana, na walipoondoka waliondoka pamoja ili yeyote asibaki nyuma.

Kuanzia hapo ikawa kawaida. Adongo akija, Machibya anatokea. Machibya akija kuuliza kama kuku wanataga, Adongo naye anakuja kuwauliza hao hao kuku. Kisha Adongo akawaza kwamba kaka yake anaweza kuja wakati yeye amelala, akahamia kwa mwalimu na godoro. Alisema nyumba yake ina mchwa. Kesho yake Machibya alileta kitanda cha chuma juu ya mkokoteni, akakifunga barazani. Yeye hakuwa na kisingizio. Alisema tu, "Mama mwalimu, mimi nitalala hapa," kwa adabu kubwa.

Hawa wawili waliongea kwa kumpitia yeye. "Mwalimu, mwambie huyo asimalize maji ya kuoga." "Mama mwalimu, mwambie mwenye nyumba ya mchwa kwamba maji nimeyachota mimi." Naye aliyapeleka maneno kutoka upande mmoja wa meza hadi wa pili, ingawa meza yenyewe ilikuwa ya kufikia chumvi bila kunyoosha mkono.

Lakini balaa lenyewe Wilhelmina aliligundua siku ya mazoezi ya kwaya. Alikuwa amevaa viatu, ameshika kitabu cha nyimbo, amefika getini, akasimama. Akiondoka, hawa wawili wanabaki peke yao. Kweli wanachukiana, lakini chuki mtu anaweza kuiigiza. Wakiunganisha namba zao hawamhitaji tena, na hapo atajuaje kama mmoja hatamtapeli mwenzake, na kiapo chake kwa marehemu je? Alirudi ndani.

"Vaeni," aliwaambia. "Twende kwaya."

Mwalimu wa kwaya, bwana Luhaga, alifurahi sana, maana besi ilikuwa na mtu mmoja tu tena mwenye pumu. Machibya akawekwa besi, Adongo akawekwa alto karibu na Wilhelmina. Sauti zao, kwa bahati mbaya, zilikuwa nzuri. Ikawa haiwezekani tena kuwatoa.

Wilhelmina akienda kliniki ya presha, benchi linakaliwa na watu watatu, na daktari akiita jina moja wanasimama wote. Ushirika wa akina mama ulipokutana, Machibya alikaa kwenye kona akiwa na Biblia magotini, akasikiliza mafundisho juu ya miguu kuvimba na mabadiliko ya mwili wa mama, akiitikia kwa kichwa kwa heshima. Adongo alipokwenda Igoma kutengenezesha milango ya matanuri yake, fundi aliwauliza mwalimu na Machibya wanataka nini, wakasema hawataki kitu, wanasubiri. Msibani walikaa mkeka mmoja. Watu wakaanza kusema kwamba watoto wa Otuoma wamepatana, tazama wanavyoongozana, tazama wanavyomtunza yule bibi mwalimu. Mchungaji aliwataja kwenye mahubiri kama mfano wa upendo wa kifamilia. Wao watatu walisikiliza mahubiri hayo wamebanana kwenye benchi moja, kila mmoja akiwachungulia wengine kwa jicho la pembeni.

Kwa muda wote huo Jikoni palikaa bila mtu, au ndivyo walivyodhani. Adongo aliwahi kuwatuma wavuvi wake wafuate namba yake peke yake kwa jipiesi ya kukodi, mstari mrefu wa kukata ziwa toka magharibi kwenda mashariki, wakavua kandokando ya mstari mpaka karibu na Ukerewe na kurudi na gogo. Machibya naye alijaribu mstari wake wa kaskazini na kusini, ukamwishia kwenye matete.

Mambo yangeendelea hivyo hadi wazeeke pamoja, kama Machibya asingetaka kuoa.

Mchumba alikuwa Rebeka, binti wa Mzee Chenge wa Busisi ng'ambo ya ghuba, msichana fundi cherehani mwenye macho makali na subira ndogo. Siku ya kwenda kujitambulisha, Machibya alipanga aende na rafiki yake mmoja. Adongo aliposikia, akamwambia mwalimu amwambie kwamba haendi popote bila wao. Kwani alijuaje kama Machibya hatapotelea ng'ambo na kumwita mwalimu kwa simu? Basi wakakodi gari, wakavuka daraja wote watatu, rafiki akaachwa kwa kukosa nafasi.

Mzee Chenge aliwapokea vizuri. Alikuwa amesikia kwamba familia ya Otuoma ni ya nyumba mbili zisizoelewana, na alikuwa amejiandaa kukataa posa. Sasa anamwona kijana amekuja na dada wa mama mwingine na mwalimu mstaafu. Aliguswa.

"Na huyu mama," aliuliza, akimwonyesha Wilhelmina, "ni nani kwenu?"

Machibya alimtazama Adongo kwa mara ya kwanza siku hiyo. Adongo alitazama dari.

"Ni jumla," alisema Machibya.

"Ni mama yetu wa karibu," alisahihisha mwalimu haraka, na posa ikakubaliwa.

Rebeka mwenyewe hakuguswa. Wakati wa kuaga alimvuta mchumba wake kando, na kwa kuwa Machibya hakuweza kwenda kando peke yake, aliwavuta wote watatu nyuma ya nyumba.

"Nina swali moja," alisema. "Baada ya harusi, hawa watahamia kwetu?"

Machibya alimgeukia Adongo, Adongo akamgeukia mwalimu.

"Nauliza kwa sababu nimeshona shuka za kitanda kimoja. Kama ni vitatu niambieni mapema."

"Ni suala la Jikoni," alisema Machibya, akamweleza mambo yote, namba ya kwanza, ya pili, jumla, kiapo. Alieleza vizuri sana. Rebeka alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi limalizeni," alisema. "Mimi siolewi na kamati."

Waliporudi Pasiansi walikaa mezani kulimaliza. Kumbe kulimaliza si rahisi. Wote watatu walikubali kwamba waende Jikoni pamoja, lakini ili waende lazima namba zitajwe, na ili zitajwe lazima mmoja aanze. Anayeanza ameliwa. Akishataja ya kwake, wenzake wawili wanayo mikononi, wanaweza kunyamaza, kumshukuru na kuondoka zao. Wilhelmina alijaribu kuona kosa katika hoja hiyo akashindwa. Alikuwa amewafundisha vizuri mno.

"Tuseme kwa pamoja," alisema hatimaye. "Kwa mara moja, kama tunavyoimba."

Wakamtafuta bwana Luhaga, maana yeye ndiye ajuaye kuwaanzisha watu pamoja. Alikubali, ila ikabidi azibe masikio kwa pamba, kwa kuwa mtu wa nne asiyekuwa na namba hakustahili kuzipata tatu kwa mkupuo. Jumamosi mchana walisimama mbele yake kwenye ukumbi wa kanisa. Rebeka naye alikuwapo, amekuja kumpima Machibya suti, ameketi nyuma na futi yake shingoni. Yeye hakuzibwa masikio. Hakuna aliyethubutu kumwomba.

Luhaga alinyanyua mikono. Moja, mbili, tatu. Mikono ikashuka.

Vinywa vitatu vilifunguka. Havikutoa sauti yoyote. Kila mmoja alikuwa amepanga kuchelewa kidogo, kiasi cha pumzi moja, asikie wenzake kwanza. Walisimama hivyo, vinywa wazi, macho yakizunguka, wakati Luhaga anawaongoza kwa bidii, anapandisha alto kwa mkono wa kushoto, anatuliza besi kwa wa kulia, mpaka alipofika mwisho akakunja ngumi kukata wimbo. Wakafunga vinywa.

"Safi," alisema Luhaga akitoa pamba. "Ila Machibya, pumua kwa tumbo."

Walipumzika kidogo, wakabuni njia nyingine. Kila mmoja aliandika namba yake kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, wakakaa kwa duara, na Luhaga, akiwa amegeukia ukuta, alipopiga makofi wakafungua viganja wote kwa mpigo. Safari hii viganja vilifunguka kweli. Wilhelmina alikwenda kwenye ubao wa shule ya Jumapili akajumlisha ya Adongo na ya Machibya. Akatazama jibu, akatazama kiganja chake. Havikukaribiana hata kidogo.

"Kuna mtu amedanganya," alisema.

Nje mtu alikuwa akipiga mpira ukutani.

"Mimi nilibadilisha tarakimu ya mwisho," alisema Machibya. "Moja tu. Kwa tahadhari."

"Mwalimu," alisema Adongo, "mwambie mimi nilibadilisha zote."

Wilhelmina alitaka kuwakemea kama alivyowahi kuwakemea watoto wa darasa la nne, lakini wakati anainua kidole aliona kiganja chake mwenyewe. Naye alikuwa amegeuza tarakimu ya katikati, asubuhi ile ile, akijiambia kwamba ni kwa ajili ya marehemu. Alishusha mkono, akakaa.

"Hata mimi," alisema.

Rebeka alikunja futi yake, akamwashiria Luhaga atoke nje. Alikuja mbele, akasimama mbele ya mchumba wake, ambaye alimzidi urefu kwa kichwa kizima na nusu shingo.

"Machibya. Taja namba yako."

"Rebeka, ukisema kwanza unakuwa umeliwa."

"Basi liwa."

Machibya aliutazama ubao, akawatazama hawa wanawake wawili ambao alikuwa ameishi nao kama mtu anayelinda ng'ombe wa jirani, kisha akataja tarakimu tano taratibu, moja baada ya nyingine, kama anazitema.

Wilhelmina alipiga hesabu upesi. Sasa Adongo alikuwa nazo zote. Ya kwake kichwani, ya kaka yake hewani. Angeweza kunyanyuka, kusema anakwenda msalani, na jioni hiyo hiyo mtumbwi wake ukawa Jikoni. Adongo mwenyewe alilijua hilo, maana mikono yake ilishika kingo za kiti na miguu ikajikusanya kama ya mtu anayetaka kuondoka. Kisha miguu ikalegea. Mwalimu alidhani ataanza na "mwambie huyo", lakini hakuanza hivyo.

"Machibya," alisema, akimtazama usoni, "yangu ni hii." Akaitaja.

Wilhelmina alijumlisha ubaoni. Alijumlisha mara mbili, kwa kuwa machozi yalimfanya aone moja kama saba. Jibu lilikuwa lile alilonong'onezewa kitandani. Alipowaambia, hakuna aliyeshangilia. Adongo aliuliza tu kama kuna mtu ana jipiesi ya kuazima.

Jipiesi waliazima kwa mvuvi aitwaye Maige, ambaye aliwauliza wanakwenda wapi, wakasema wanakwenda kutembea. Jumatatu asubuhi waliondoka kwa mtumbwi wa Adongo wenye injini. Rebeka alikataa kubaki ufukweni akasema ameshapoteza muda mwingi kwa ajili ya mahali hapo, lazima apaone. Machibya alishika usukani, Adongo akasoma mshale wa mashine, mwalimu akakaa katikati amevaa koti la kuokolea maisha na kofia ya kanisani. Walikwenda mpaka nyumba za Pasiansi zikawa kama nafaka zilizomwagika mlimani, kisha zikapotea. Hewa ilikuwa tulivu. Walikuwa wameacha hata kuchungana. Adongo alikuwa akimwambia kaka yake kulia, kushoto, kidogo tena, na kaka akifuata.

"Tumekaribia," alisema Adongo, kisha akainua macho. "Machibya, zima injini."

Mbele yao kulikuwa na mitumbwi. Si miwili wala mitatu. Ilikuwa imetawanyika kama kuku uani, mingine imetia nanga, mingine inavuta kamba za ndoana. Watu walikuwa wakipiga soga toka mtumbwi hadi mtumbwi. Redio ililia. Katikati yao kulikuwa na mtumbwi mpana wenye turubai la bluu, jiko la mkaa na moshi, na ndani yake mwanamke mnene amejifunga kitenge, anamimina chai kwenye vikombe vya plastiki.

"Karibuni Jikoni," alisema yule mwanamke, alipowaona wamebaki wanaelea. "Maandazi yako tayari, chapati subirini."

Wilhelmina ndiye aliyetangulia kusema. Alimsalimu, akamuuliza jina. Aliitwa Jasmin, alitokea upande wa Musoma.

"Mama Jasmin, mahali hapa mmepajuaje?"

"Mzee Otuoma, Mungu amrehemu. Si ndiye mwenye mahali."

"Aliwaleta?"

"Hakuna aliyeletwa. Mimi nilimuuliza pale mwaloni, 'Mzee, hao samaki unawatoa wapi?' Akaniambia. Akanitajia na namba." Alionyesha kwa kijiko mtumbwi wa karibu. "Paulo pale naye aliuliza. Na Maige. Kila aliyeuliza aliambiwa. Alikuwa mtu mwepesi sana yule. Alisema raha ya jikoni ni watu."

Paulo alipunga mkono. Akasema kwamba wamekuwa wakishangaa kwa nini watoto wa mzee hawaji kabisa, wakadhani labda ni kwa sababu ya majonzi.

Adongo alikuwa bado ameshika jipiesi, mshale wake ukizunguka zunguka kwa kuwa hawakuwa tena na mahali pa kwenda. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na mwalimu hakujua kama atalia au atamtukana marehemu.

"Wewe uliwahi kumuuliza?" alimwambia kaka yake.

"Hapana," alisema Machibya. "Nilijua ameshakuambia wewe, mimi atanificha."

"Mimi nilijua ameshakuambia wewe."

Mtumbwi ulijigeuza wenyewe polepole na mkondo. Rebeka alianza kucheka kwanza, kwa kujizuia, kiganja mdomoni, mabega yakitikisika. Machibya alimkazia macho, kisha naye kicheko kikamtoka. Adongo hakucheka. Alimgeukia mwalimu, mtu ambaye yeye Adongo alikuwa amelala chumba cha jirani naye, ameimba naye alto, amemfuata mpaka kliniki.

"Mwalimu, na wewe hukuwahi kumuuliza? Siku ile alipokuja kwako na shida yake?"

Wilhelmina alifikiri. Mzee alikaa barazani kwake jioni nzima na kile kilichomsumbua, watoto wawili wasiosemezana. Yeye alikuwa na maharage, akaona hesabu.

"Sikumuuliza," alisema. "Nilimjibu tu."

Jasmin aliwapitishia chai kwa kuegesha mtumbwi ubavuni. Ilikuwa na tangawizi nyingi na sukari kupita kiasi, na presha ya mwalimu haikuiruhusu, lakini aliinywa yote. Paulo alisogea kuwapa nafasi, akawaonyesha upande ambao marehemu alipenda kutega. Machibya akatoa kamba na ndoana, Adongo akaanza kuweka chambo, na kwa sababu mikono yake ilikuwa na kasi kuliko ya kaka yake alimwambia asogee, anamchelewesha. Akasogea.

Walipata sangara mmoja wa wastani na wadogo wawili wasiofaa, ambao waliwarudisha majini. Wakati wa kugeuza mtumbwi, Adongo alimwambia kaka yake kwamba samaki wa harusi asinunue popote, atawakausha yeye kwenye matanuri yake, ila kuni alete Machibya na zisiwe mbichi.

"Nitaleta," alisema Machibya. "Kiasi gani?"

Adongo alimwambia kiasi gani, na Rebeka akasema hizo hazitoshi, ukoo wa Busisi una watu wengi na wanakula, wakaanza kubishana wote watatu kuhusu kuni mpaka Pasiansi ikaonekana. Mwalimu Wilhelmina alikuwa na maoni yake juu ya hesabu hiyo. Alivua kofia, akauelekeza uso kwenye upepo, na akakaa kimya.